Kuandaa katalogi ya buibui wa eneo lako: kutoka chini ya majani makavu hadi jina la kisayansi

Aprili 2022 spishi ya 50,000 ya buibui iliingizwa kwenye World Spider Catalog, hifadhidata ya dunia nzima inayotunzwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya Bern, Uswisi. Tangu hapo hesabu imezidi kupanda. Lakini jaribu kutafuta orodha ya buibui wa wilaya yako, iwe Muheza, Kilifi au Kisumu, na uwezekano mkubwa utaambulia patupu. Afrika Kusini walianzisha mradi wa kitaifa, SANSA, mwaka 1997, na leo orodha yao imepita spishi 2,000. Kwetu kazi nzuri ipo, ila imetawanyika: huku msitu mmoja, kule mlima mmoja.

Wala si lazima uende mlimani. Buibui mrukaji Evarcha culicivora, anayependelea kula mbu walioshiba damu, anaishi kwenye kuta za nyumba za watu kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda. Alipewa jina mwaka 2003 tu, na Wanda Wesołowska na Robert Jackson.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi, mtembeza wageni au mtu yeyote mwenye subira anayetaka kuandaa orodha ambayo mtaalamu ataiamini. Kanuni nitakayoirudia ni moja: kila mstari wa katalogi uelekeze kwenye buibui aliyepo ndani ya chupa yenye lebo, au walau kwenye picha yenye mahali na tarehe. Majina yatabadilika, hilo halikwepeki. Chupa ikiwepo, jina hurekebishwa kwa dakika kumi. Isipokuwepo, mstari wako unabaki uvumi.

1. Chora mpaka, kisha tafuta kibali

Usianze na "buibui wa Tanzania". Anza na msitu mmoja wa kijiji, shamba la shule, au kata moja. Eneo dogo lililopekuliwa vizuri lina thamani kuliko mkoa mzima uliochunguliwa dirishani mwa gari. Andika mpaka wako kwa maneno na kwa GPS, halafu uorodheshe mazingira yaliyomo: msitu mnene, vichaka, shamba la mihogo, kingo za kijito, kuta za nyumba, choo cha nje. Kila mazingira yana wenyewe.

Kupiga picha bustanini kwako hakuna atakayekudai karatasi. Kukusanya vielelezo kwa utafiti ni jambo jingine. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na misitu mingi ya hifadhi ya serikali iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kenya anzia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ndani ya hifadhi za wanyama utakutana na KWS, shirika la wanyamapori. Msitu wa kijiji una kamati yake, na kumpitia mwenyekiti kabla ya kuingia na tochi usiku ni adabu na ni usalama pia. Kusafirisha vielelezo nje ya nchi kunahitaji ruhusa yake ya pekee. Usimtumie mtu wa ng'ambo chupa kwa posta kwa sababu tu ameomba kwa upole.

2. Vifaa

Vingi vinapatikana dukani: chupa ndogo za plastiki zenye kifuniko kinachobana, kibano chenye ncha laini, brashi ndogo ya rangi, tochi ya kichwani, shuka jeupe, fimbo, chekeche, vikombe vya plastiki, buti za mpira, penseli na karatasi ngumu. Spiriti iwe ya asilimia 70 hadi 80 na isiwe na rangi, maana ile ya kuwashia jiko huchafua kielelezo. Ukitaka baadaye sampuli ipimwe DNA, weka buibui mmoja au mguu wake kwenye spiriti ya asilimia 95 au zaidi na uihifadhi kwenye friza.

Kifaa kinachogharimu ni hadubini ya kukuzia vitu vizima, mara 40 hivi au zaidi. Bila hiyo utaishia kwenye familia na kwa baadhi ya buibui kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana ndani ya familia. Shule na vyuo vingi vinayo, imefunikwa kitambaa kabatini. Omba.

Usalama hauhitaji hotuba ndefu: buibui wachache sana wana sumu ya kumdhuru mtu. Mjue Latrodectus geometricus, mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo yenye umbo la glasi ya mchanga, na mfuko wa mayai wenye vijichomozo kila upande. Hupenda chini ya viti vya plastiki, kwenye pembe za choo na ndani ya ndoo zilizotupwa. Buibui wakubwa wa mashimoni, kama Pterinochilus murinus, huuma kwa maumivu makali. Usimshike yeyote kwa mkono mtupu. Nyoka na nge wa chini ya magogo ndio wa kuogopa zaidi.

3. Kukusanya kwa utaratibu unaohesabika

Ukizunguka tu na kuokota kinachovutia, utajaza chupa kwa buibui wakubwa wenye rangi na kuwaacha wadogo wa milimita mbili, ambao ndio wengi msituni. Wataalamu hutumia sampuli za saa moja: mtu mmoja, mbinu moja, saa moja, mfuko mmoja wa chupa. Utaratibu wa namna hii ulitumika kwenye Msitu wa Uzungwa Scarp kusini mwa Tanzania. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalikuwa buibui wapevu zaidi ya 9,000 wa spishi 170, kutoka msitu mmoja. Uzuri wa saa ni kwamba sampuli yako ya leo inaweza kulinganishwa na ya mwenzako wa mwakani.

Mbinu zenyewe:

- Kuangalia juu: kila kitu kuanzia magotini hadi mkono unapofika. Tando, matawi, magome.
- Kuangalia chini: kuanzia magotini hadi ardhini. Piga magoti, geuza magogo na uyarudishe yalivyokuwa.
- Kupigapiga matawi: tandaza shuka au mwavuli chini ya kichaka, piga tawi kwa fimbo, kisha wahi, kwani warukaji hawasubiri.
- Kuchekecha: kusanya majani makavu, yachekeche juu ya shuka jeupe, subiri. Vinavyotembea baada ya dakika tatu ni vingi kuliko vilivyoonekana mwanzo.
- Vikombe vya kufukia: fukia kikombe mdomo ukilingana na ardhi, weka maji ya chumvi na tone la sabuni, funika kwa kibao kilichoinuliwa kidogo mvua isijaze. Kikague kila baada ya siku mbili tatu, la sivyo utakusanya uvundo.

Fanya mchana na usiku. Usiku ndiko kwenye utajiri. Weka tochi usawa wa macho yako uelekeze nyasini, na macho ya buibui wa familia Lycosidae yatang'aa kama kijani hafifu. Wasuka tando nao wako kazini saa hizo. Kabla hujamgusa msukaji yeyote, upulizie utando ukungu wa maji na uupige picha, kwa kuwa umbo la utando ni ushahidi wa familia na haliingii kwenye chupa. Rudia masika, vuli na kiangazi, kwa sababu spishi nyingi huwa na wapevu kwa miezi michache tu.

4. Lebo, siku hiyohiyo

Andika kwa penseli, weka *ndani* ya chupa. Lebo ya nje hubanduka, na wino wa peni huyeyuka kwenye spiriti. Mfano:

TANZANIA: Tanga, Muheza, Amani
5°06′S 38°38′E, m 900
12.iv.2025, usiku, kwa mkono
vichaka kando ya kijito
Mkusanyaji: (jina lako) Na. 0147

Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi kwa sababu 3/4 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Namba haijirudii kamwe, hata chupa ikivunjika.

5. Tenga kwa familia

Hapa ndipo uainishaji unapoanza, na hapa anayeanza hupata maendeleo ya haraka. Kwanza toa wasio buibui. Kuna wanyama wa miguu minane mirefu ambao mwili wao ni kipande kimoja kisicho na kiuno. Hao si wa oda Araneae. Buibui ana sehemu mbili zilizounganishwa kwa kiuno chembamba, na nyuma ya tumbo ana vichomozo vya kutolea uzi.

Oda hii ina makundi makuu matatu. Mesothelae wanaishi Asia tu, wasahau. Mygalomorphae ni wale wazito wa mashimoni: meno yao yamelala sambamba na huchoma kuelekea chini, na chini ya tumbo wana jozi mbili za mapafu yanayoonekana kama vibandiko vyeupe. Araneomorphae ndio karibu wote waliobaki: meno yao hukutana yakitokea kushoto na kulia, na wengi wana jozi moja ya mapafu.

Baada ya hapo angalia macho, kwa kuwa mpangilio wake husema mengi kuliko rangi. Rangi hudanganya, na ndani ya spiriti hufifia.

Salticidae, warukaji: macho mawili ya mbele makubwa kupita kiasi, uso bapa. Ndiyo familia kubwa kuliko zote, yenye spishi zaidi ya 6,000. Wale wa ukutani nyumbani, Plexippus paykulli, Menemerus bivittatus na Hasarius adansoni, wameenea sehemu zote za joto duniani, kwa hiyo anza kujifunzia hao.

Lycosidae: mstari wa macho madogo manne mbele, juu yake makubwa mawili, nyuma tena mawili. Jike huburuta mfuko wa mayai ukiwa umenata nyuma ya tumbo, na watoto wakianguliwa hupanda mgongoni. Pisauridae hufanana nao, lakini wao huubeba mfuko wa mayai kwa meno, chini ya kifua.

Oxyopidae: macho sita yamepangwa duara la pembe sita, miguu ina miiba mirefu iliyosimama. Thomisidae: miguu miwili ya mbele kila upande ni mirefu na minene, hutembea kiubavu, hukaa juu ya maua. Selenopidae: bapa kabisa ukutani, macho sita kwenye mstari mmoja mbele. Hersiliidae: yuko juu ya gome la mwembe, rangi ya gome lenyewe, na nyuma ana vichomozo viwili virefu. Pholcidae: miguu kama nyuzi, utando ovyo kwenye pembe ya dari, na akiguswa hutikisika mpaka haonekani. Uloboridae husuka utando wa mviringo kama Araneidae, lakini hawana tezi za sumu kabisa.

Araneidae ni wasukaji wa tando za mviringo: Argiope mwenye zigizagi katikati ya utando, Gasteracantha mwenye tumbo gumu la miiba. Trichonephila, wakubwa wenye utando wa rangi ya dhahabu, wengine huwaweka humu na wengine huwapa familia yao, Nephilidae. Chagua mpangilio mmoja, andika juu ya katalogi umeufuata upi na tarehe gani, usigombane na mtu.

Usipofika kwenye familia, andika "familia haijajulikana" na uendelee.

6. Kutoka familia hadi spishi

Watoto watenge. Buibui ambaye hajapevuka kwa kawaida hawezi kufikishwa kwenye spishi, hata na bingwa. Mhesabu kwenye familia yake, basi.

Dume mpevu unamtambua kwa vipapasio viwili vilivyo karibu na mdomo: ncha zake zimevimba kama glavu za bondia. Jike mpevu ana kibao kigumu, epigini, chini ya tumbo katikati ya mapafu. Viungo hivi vya uzazi ndivyo vinavyotenganisha spishi, na ndivyo vilivyochorwa kwenye maelezo ya kisayansi. Mlaze jike chali kwenye kisahani chenye spiriti na mchanga laini wa kumshikilia, elekeza taa kutoka pembeni, piga picha. Kwa dume tumia kipapasio cha kushoto, maana kwa desturi ndicho huchorwa. Ukitumia cha kulia utalinganisha picha na kioo chake.

Pengine epigini haitoshi kwa nje na inabidi ikatwe na kung'arishwa ili mirija ya ndani ionekane. Mafuta ya karafuu hufanya kazi hiyo. Maabara za Ulaya huyanunua kwenye vichupa vya bei mbaya. Sisi tunayo Pemba.

Sasa panga vielelezo kwa kufanana, mpe kila aina namba ya muda: LYC-01, LYC-02, SAL-01. Piga kila aina picha nne: mgongoni, tumboni, usoni, na kiungo cha uzazi. Chukua mpevu mmoja wa kila jinsia awe kielelezo rejea. Kisha ingia World Spider Catalog, fungua jenasi unayoidhania, chuja spishi zilizorekodiwa Afrika Mashariki, na ulinganishe na michoro ya awali. Ukijiandikisha utapata karibu maandishi yote ya uainishaji wa buibui tangu Mswidi Carl Clerck mwaka 1757. Mengi ni ya Kijerumani, Kifaransa au Kilatini, lakini mchoro hauhitaji mkalimani.

Ukikosa, usilazimishe. Alama tatu zitakulinda. "Hogna sp." maana yake jenasi naijua, spishi siijui. "Hogna cf." ikifuatiwa na jina maana yake inafanana nayo, haijathibitishwa. "Aff." maana yake iko karibu nayo lakini nina hakika si yenyewe. Katalogi yenye LYC-07 sp. nyingi naiamini kuliko ile ambayo kila buibui ana jina kamili. Programu za simu zinazotambua picha, na hata iNaturalist, zitakupa jina papo hapo. Lichukue kama pa kuanzia.

7. Majina na maandishi ya zamani

Chukua Nephilingis cruentata, yule anayesuka kwenye ukuta wa veranda na kujificha ndani ya mrija wa hariri, mwenye wekundu kifuani kwa chini. Jina lake kamili ni Nephilingis cruentata (Fabricius, 1775). Mabano yanasema kwamba Fabricius ndiye aliyempa jina la spishi, lakini ndani ya jenasi nyingine. Kweli: alimwita Aranea, na jenasi ya sasa iliundwa mwaka 2013. Pterinochilus murinus Pocock, 1897 hana mabano kwa sababu hajawahi kuhamishwa. Usiondoe mabano wala kuyaongeza kwa kupendezesha.

Jina la kale zaidi ndilo lenye haki. Buibui mkubwa mwekundu-kahawia wa mashimoni wa Kenya na Tanzania alijulikana kwa miaka mingi kama Citharischius crawshayi, jina la Pocock la 1900. Baadaye ikathibitika kwamba Karsch alikwisha kumwita Pelinobius muticus mwaka 1885, na jina hilo ndilo likabaki. Kwenye katalogi yako weka safu ya "majina mengine", ili anayetafuta kwa jina la zamani asidhani buibui huyo hayumo.

Rekodi za wakoloni na wasafiri usizitupe, ila zitenge. Gerstaecker alieleza buibui wa safari za msafiri Mjerumani von der Decken mwaka 1873, na ndiye aliyeipa jina Trichonephila sumptuosa. Tullgren, mwaka 1910, alieleza waliokusanywa na msafara wa Sjöstedt Kilimanjaro na Meru wa 1905 na 1906, na vielelezo viko Stockholm. Mahali pameandikwa kwa masikio ya mgeni: "Kibonoto" ni Kibong'oto. Palipoandikwa "Deutsch-Ostafrika" pekee, yaani koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ni pagumu zaidi, maana panaweza kuwa Tanzania Bara, Rwanda au Burundi. Ziandike kama rekodi za maandishi, mahali kama palivyoandikwa, na dhana yako kwenye safu nyingine.

8. Jedwali

Lahajedwali la kawaida linatosha. Mstari mmoja kwa kila kielelezo au kundi la chupa moja: namba, familia, jenasi, spishi, mwandishi na mwaka, madume, majike, watoto, mahali, latitudo, longitudo, mwinuko, tarehe, mbinu, mazingira, mkusanyaji, aliyetambua, mwaka wa kutambua, chupa iko wapi. Safu ya aliyetambua wengi huiacha, na ndiyo ya kwanza ambayo mtaalamu huangalia. Ukifuata vichwa vya safu vya Darwin Core, kiwango cha kimataifa cha data za viumbe, jedwali litaingia GBIF, hifadhidata ya dunia ya rekodi za viumbe, bila kuandikwa upya.

Kisha uliza: nimekosa wangapi? Tuseme umepata spishi 60. Kati yake 18 umeziona mara moja tu, na 9 mara mbili. Kikadirio cha Chao1 huzidisha 18 kwa 18, hupata 324, hugawa kwa mara mbili ya 9, yaani 18, hupata 18. Jumla inayotarajiwa ni 78 au zaidi. Iandike waziwazi kando ya 60. Idadi ya walioonekana mara moja ikizidi kupungua kila msimu, unakaribia. Isipopungua, rudi msituni usiku.

9. Pa kuweka chupa na pa kutangaza

Chupa zikibaki kabatini kwako, spiriti itakauka siku moja. Zungumza mapema na mkusanyiko wa kudumu: National Museums of Kenya jijini Nairobi, au idara ya zoolojia ya chuo kikuu kilicho karibu. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana mkusanyiko mkubwa wa buibui wa Afrika, na wataalamu huko wamezoea kuandikiwa. Tuma picha za viungo vya uzazi kwanza. Vielelezo vifuate kwa vibali.

Ukishuku spishi mpya, usitumie jina ulilolibuni mahali popote, hata kwa utani. Jina hutambulika likichapishwa kwa kanuni za kimataifa pamoja na kielelezo mama kilichowekwa mahali panapojulikana. Mpaka hapo ni SAL-12.

Buibui wakubwa wa mashimoni huwindwa kwa ajili ya kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Kwa hao, kwenye toleo la umma andika wilaya tu na uzuie GPS, huku data kamili ikibaki makumbusho.

Toa katalogi kama toleo lenye namba na tarehe, yaani toleo la 1, kisha la 2, na mwishoni mwa kila toleo uorodheshe kilichobadilika: waliohamishwa jenasi, waliogundulika kuwa wamoja, na LYC ipi imepata jina.